Ramani ya nyuki-mwitu Njombe: mbona inasifia mashamba yasiyozaa?

Katibu wa Kikundi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi mkoani Njombe. Wengi wetu tulipanda aina ya Hass, na miti ambayo sasa imekomaa huchanua vizuri sana, lakini baadhi ya mashamba hayashiki matunda, ilhali ya jirani, yenye udongo na matunzo yaleyale, yanazaa. Kijana wetu aliyesomea mambo ya ramani alijitolea kututengenezea ramani ya makazi ya nyuki-mwitu kwa kutumia data za setilaiti zinazopatikana bure. Kila aina ya ardhi aliipa alama mbili, moja ya nafasi ya kujenga viota na nyingine ya wingi wa maua, kisha programu ikakadiria ni nyuki wangapi wanaoweza kulifikia kila shamba kulingana na umbali.

Matokeo yametushangaza. Mashamba yanayopakana na mipaina yamepata alama za juu kabisa, na ndiyo hasa yanayolalamikiwa. Yale ya bondeni, karibu na vinyungu (bustani ndogo za bondeni), yamepata alama hafifu, nayo ndiyo yanayozaa. Je, tuiamini ramani au macho yetu? Baadhi ya wanakikundi wanataka tuchange fedha za kununulia mizinga mara moja, nami nasita.

Mchora Ramani

Ndugu Katibu, yaaminini macho yenu kwanza. Nikikisia, kijana alichukua ramani ya dunia nzima yenye pikseli (vipande vidogo vya picha) za mita 10 kwa 10, kwa mfano WorldCover ya mwaka 2020 au 2021, na ndani yake miti yote huwekwa katika kundi moja. Msitu wa asili, shamba la mipaina, na wakati mwingine hata shamba la parachichi lenyewe, vyote huonekana kuwa "miti". Mtu akilipa kundi hilo alama ya juu akiwaza msitu wa asili, mipaina nayo inafaidika na sifa isiyo yake. Mpaina huchavushwa kwa upepo na maua yake hayana mbochi, na chini ya mipaina iliyosongamana hakuna jua la kuotesha magugu yenye maua. Kwa nyuki hilo ni jangwa lenye kivuli. Mikaratusi ni habari nyingine, kwa sababu inapochanua huwalisha nyuki vizuri, kwa hiyo nayo haipaswi kuchanganywa na mipaina.

Vinyungu vimepata hasara kwa sababu iliyo kinyume chake. Kinyungu kina mboga zilizoachwa zikachanua, maharage, magugu ya kingo za mifereji na udongo ulio wazi, na nyuki wengi wanaoishi mmoja mmoja huchimba viota ardhini. Lakini bustani hizo ni nyembamba, na pikseli moja yenye eneo la mita 100 za mraba humeza ukingo wote na kuuita "kilimo". Dawa yake ni kutenganisha aina za ardhi kwa mkono: mfungue picha za karibu zaidi katika QGIS, programu ya bure ya ramani, mchore mipaka ya mipaina, mikaratusi, miwati, misitu ya asili na vinyungu, kisha mtoe alama upya mkiwa pamoja na wazee wanaojua ni mmea gani huchanua mwezi gani.

Msione haya kwamba alama hizo ni za makadirio. Hata ramani ya nyuki-mwitu wa Marekani iliyochapishwa mwaka 2016, ambayo ilikadiria kwamba nyuki hao walipungua katika asilimia 23 ya eneo lililochunguzwa kati ya 2008 na 2013, ilitegemea alama zilizotolewa na wataalamu kwa kila aina ya ardhi. Tofauti ni kwamba wao walizilinganisha na nyuki waliohesabiwa shambani. Jambo jingine ni umbali: nyuki wadogo wasiouma na wengi wa wale wanaoishi peke yao hutafuta chakula ndani ya mita mia chache tu, wakati nyuki wa asali huweza kwenda kilomita kadhaa. Kama kijana alitumia umbali mmoja kwa nyuki wote, ramani imewapa wadogo mabawa wasiyo nayo.

Bwana Shamba Mstaafu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naona mnakimbilia nyuki kabla ya kuuliza maua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike na mara ya pili, siku inayofuata, likiwa dume. Hass ni wa kundi A: maua yake huwa majike asubuhi, kisha madume alasiri ya kesho yake. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni wa kundi B, naye hufanya kinyume. Baridi huvuruga ratiba hiyo, na kwa hiyo Hass hujizalisha kwa kiasi fulani hata akiwa peke yake, lakini kwa kawaida nyuki hufanya kazi vizuri zaidi wakipata makundi yote mawili jirani. Naomba Katibu atujibu: mashamba ya bondeni yana Fuerte au miparachichi ya kienyeji?

Katibu wa Kikundi

Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa mahali ambapo sikuwa nimefikiria kabisa. Bondeni ipo miparachichi ya kienyeji ya zamani, mikubwa, iliyokuwepo kabla ya Hass kuja. Kando ya mipaina hakuna hata mmoja. Sasa sijui nimlaumu nani, nyuki au miti.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Miti ya kienyeji iliyotokana na mbegu huwa mchanganyiko, kwa hiyo huenda mingine ni ya kundi B. Ili msibaki mkikisia, jaribuni hivi msimu ujao katika mashamba yote mawili. Kwenye kila mti wa majaribio chagueni vishada vitatu vinavyofanana. Cha kwanza mkifunike kwa kitambaa cha chandarua kabla maua hayajafunguka. Cha pili mkiache wazi. Cha tatu mkiache wazi pia, lakini mkipake, kwa brashi laini, chavua iliyochukuliwa kutoka mti wa kundi B wakati maua ya Hass yakiwa majike. Tumieni miti mingi, kwa sababu mparachichi hudondosha karibu maua yake yote, na chini ya ua 1 kati ya 100 ndilo hufika kuwa tunda. Vishada vitatu vya mti mmoja havitawaambia chochote. Kama kilichopakwa kitashika matunda mengi kuliko kilichoachwa wazi, uchavushaji umepungua hapo. Kama vinalingana, tafuteni tatizo kwenye maji, mbolea au baridi, na fedha za mizinga zibaki mfukoni.

Mfuga Nyuki

Nami niongeze moja kuhusu mizinga. Huku kwetu nyuki wa asali mwenyewe ni nyuki-mwitu, anaishi katika mapango na mashina, na mzinga mtupu ukitundikwa mahali pazuri huweza kuingiwa na kundi bila kununua nyuki. Lakini ukiutundika kando ya mipaina, maua ya parachichi yakishapukutika kundi litahama kwa njaa. Pia chunguzeni nani anayepuliza dawa ya wadudu mchana wakati wa maua. Mkulima mmoja wa namna hiyo hufuta kazi ya wengine wote, na hilo halionekani katika ramani yoyote ya setilaiti.

Katibu wa Kikundi

Nawashukuru. Jumamosi tunakutana na wazee kutoa alama upya, na nimemwomba kijana aanze kuchora mipaka ya mipaina. Mchango wa mizinga tumeusimamisha hadi tuhesabu vishada. Swali dogo limebaki: kuhesabu nyuki shambani tunatumia nini, maana hatuna vifaa vya maabara?

Mchora Ramani

Bakuli ndogo za plastiki za rangi ya njano, nyeupe na bluu, zenye maji na tone la sabuni, mziweke kwa saa zilezile katika kila shamba siku isiyo na mvua. Nyuki wa asali hawaingii sana humo, kwa hiyo pamoja na bakuli, mtu mmoja asimame mbele ya mti kwa dakika 10 na kuandika kila mdudu anayetua kwenye ua: nyuki wa asali, nyuki wadogo, nyuki wengine, nzi. Nzi msiwadharau, kwani kwenye parachichi nao hubeba chavua. Rudieni asubuhi na alasiri, kwa sababu ile aliyoieleza Bwana Shamba.