Mzigo umezuiwa forodhani: kasha na pawa saplai ya kompyuta ndogo

Mpangani wa Köln aliandika:

Ndugu zangu, assalaam alaykum na habari za kutwa. Ninapanga kuunda kompyuta ndogo itakayoingia katika mkoba wa kupanda nao ndegeni, kwa sababu mwakani narejea Tanga kwa muda mrefu na kazi yangu ya kuhariri video imeishinda kompyuta mpakato niliyo nayo. Nimechagua bodi mama ya Mini-ITX, ile ya milimita 170 kwa 170, na kasha la lita 10 hivi, ambalo nililiagiza China pamoja na pawa saplai ya SFX (kifaa kidogo cha kuipa kompyuta umeme) na kebo ya raisa, ile inayounganisha kadi ya michoro na bodi mama, vyote katika katoni moja.

Sasa ofisi ya forodha ya hapa mjini imeuzuia mzigo. Hati ya malipo wameikubali, lakini wanasema pawa saplai haina jina wala anwani ya mwakilishi aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, na alama yake ya CE, ile ya kuonyesha kwamba bidhaa inakidhi masharti ya Umoja, wanaitilia shaka. Afisa aliifungua katoni mbele yangu, akaigeuzageuza pawa saplai, akakwangua kibandiko kwa ukucha, kisha akasema ni lazima aulize wakubwa zake. Swali langu ni moja tu: je, naweza kuomba kasha na kebo vitolewe, na pawa saplai peke yake ndiyo irudishwe, au katoni nzima huhesabiwa kuwa kitu kimoja?

Mama wa Leeds aliandika:

Pole sana, mdogo wangu. Huku kwetu, tangu Uingereza ilipotoka katika Umoja, mambo ni hayo hayo. Mwanangu aliagiza kasha kutoka huko huko Ujerumani uliko wewe, na kwa kuwa bei ilizidi pauni 135, msafirishaji alitudai VAT ya asilimia 20 na juu yake ada yake mwenyewe ya kushughulikia hati, nasi tukalipa huku tukinung'unika. Ushauri wangu ni kwamba ulipe ushuru wanaoudai mapema, kabla hawajaanza kukutoza gharama za ghala.

Fundi wa Rotterdam aliandika:

Dada yangu, kwa heshima zote, hakuna aliyeuliza habari za ushuru. Vipande vya kompyuta kwa kawaida huingia Umoja wa Ulaya kwa ushuru wa asilimia 0, kutokana na mkataba wa bidhaa za teknolojia ya habari wa mwaka 1996. Anachodaiwa mwenzetu ni EUSt, yaani VAT ya Ujerumani kwa bidhaa zinazoingizwa, ya asilimia 19, nayo haihusiani hata kidogo na suala la CE. Kanuni inayomkwamisha ni ile ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1020, ambayo tangu Julai 2021 inataka bidhaa za namna hiyo ziwe na mtu wa kuwajibika aliye ndani ya Umoja. Forodha ikishasimamisha mzigo, mamlaka ya usimamizi wa soko ina siku 4 za kazi za kutoa jibu, na isipojibu, mzigo unapaswa kuachiliwa.

Hata hivyo, mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na ile kebo ya raisa. Kasha langu lilikuja na kebo ya PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya kuunganisha kadi na bodi mama, na 3.0 ni kizazi chake cha zamani) wakati kadi yangu ya michoro ilikuwa ya 4.0, na kioo kilibaki cheusi tii hadi nilipoitoa kadi, nikawasha kwa michoro ya prosesa yenyewe, nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuilazimisha nafasi ya kadi iwe Gen3, yaani kizazi cha 3.0. Mtu mwenye prosesa isiyo na michoro ya ndani angelazimika kuazima kadi nyingine ili aone tu anachokibadilisha.

Mzee wa Muscat aliandika:

Vijana wangu, mnabishana juu ya kebo na kanuni, ilhali mtambo wenyewe unakwenda Tanga, kwenye joto na chumvi ya bahari. Nilikaa huko likizo yote iliyopita, na umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo. Tumeambiwa bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, nami nafurahi kama Mtanzania yeyote, lakini megawati hizo hazikuizuia friji ya dada yangu kuungua. Nunua UPS, ile betri ya akiba ya kuilinda kompyuta umeme unapokatika, kabla ya kuhangaikia lita za kasha.

Mama wa Leeds aliandika:

Shikamoo, mzee wangu. Friji huungua kwa nyaya chakavu za mtaani, si kwa uhaba wa megawati, kwa hiyo tusilitwishe bwawa mzigo usio wake. Na wewe, Fundi, hiyo sauti yako ya ualimu tumeizoea, lakini gharama za ghala zipo, hata kama kanuni yako haizitaji.

Mpangani wa Köln aliandika:

Shikamoo, mzee, na ahsanteni nyote. UPS nitainunua huko huko nyumbani, kwa kuwa betri zake ni nzito mno kwa ndege. Kuhusu joto, kasha linaruhusu feni ya prosesa yenye kimo cha milimita 48 tu, kwa hiyo nimefikiria Noctua NH-L9a ya milimita 37, huku prosesa nikiibana isizidi wati 65. Ila naomba nirudie: yupo aliyewahi kuugawa mzigo forodhani?

Fundi wa Rotterdam aliandika:

Wati 65 chini ya milimita 37 zitatosha Köln, lakini katika chumba cha Tanga kisicho na kiyoyozi, mwezi wa Februari, feni hiyo italia kutwa nzima. Tafuta ya milimita 47, maana kasha linaipokea. Siku ya safari, itoe kadi ya michoro na uifunge peke yake katika nguo, kwa sababu mkoba ukigongwa, uzito wote wa kadi huangukia kwenye soketi ya raisa. Waya wa ukutani usiubebe, kwani ule wa pini tatu za mraba unapatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme pale barabara ya kumi na mbili. Kompyuta yenyewe haina ushuru wa forodha Afrika Mashariki, lakini hati ya malipo uwe nayo mkononi.