Wauguzi wenzangu, upumuaji mnauhesabuje bila mgonjwa kubadilisha pumzi?

zamu_ya_usiku:
Habarini za humu wakuu. Niko mwaka wa pili diploma ya uuguzi na ukunga, sasa hivi niko field hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume. Presha, joto na mapigo sina shida navyo, kinachonisumbua ni upumuaji. Nikimwambia tu mzee nataka kuhesabu unavyopumua anaanza kuvuta pumzi ndefu ndefu za makusudi, mwingine ndo ananipigia stori. Halafu nikifungua chati za nyuma nakuta 20, 20, 20 kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, wa nimonia 20, aliyevunjika mguu 20. Jana jioni nimemhesabu baba mmoja wa nimonia nikapata 28, chati ya asubuhi inasema 20 na aliyeandika ni mkubwa wangu kazini. Sasa mnahesabuje nyie, na je hii namba ina uzito kweli au ni ya kujazia chati tu?

MamaWodi:
Mdogo wangu andika 28, na saa uliyohesabu uiandike. Ya asubuhi iache ilivyo, ni ya aliyeiandika.

Kuhusu uzito, pumzi mara nyingi ndo inatangulia kubadilika. Presha ya mtu mzima inaweza kukaa 120/80 huku mwili umeshaanza kuhangaika, mishipa inabana, moyo unakimbia, presha inakuja kuanguka mwishoni kabisa watu wakiwa wanatafuta mshipa wa kuweka dripu hawaupati. Uingereza wana mfumo wa pointi unaitwa NEWS, Royal College of Physicians waliutoa 2012 wakauboresha 2017, mle upumuaji wa 12 mpaka 20 hauna pointi, 21 mpaka 24 ni pointi 2, 25 kwenda juu ni pointi 3, na kipimo kimoja tu kikifika 3 mgonjwa anatakiwa aangaliwe haraka. Kwa hiyo huyo baba yako ana 3 kabla hujamgusa presha. Aliyemwandikia 20 amempa sifuri.

Namna ya kuhesabu: ukifika kitandani salimia, mwambie nakuja kukuchukua vipimo, inatosha, huhitaji kumtajia pumzi. Shika kifundo cha mkono pima mapigo, ukimaliza USIACHIE, ulaze huo mkono wake juu ya kifua au tumbo uendelee kuushika kama bado unahesabu mapigo, hamisha macho tu. Kupanda na kushuka ni moja. Dakika nzima. Hizi za sekunde 15 unazidisha kwa 4 ukikosea moja tayari umekosea nne, na mgonjwa anayepumua bila mpangilio ndo hutamwona kabisa.

Na hiyo dakika usiimalizie kwenye namba peke yake, angalia shingo kama misuli inavuta, angalia amekaaje, anaweza kumaliza sentensi au anakata kila maneno mawili. Akipumua haraka na kwa kina halafu ukisikiliza mapafu ni safi, pima sukari hapo hapo, kuna wagonjwa wa kisukari wanaletwa wakisemekana wana pumu kumbe damu imejaa asidi na mwili unajaribu kuitoa kwa pumzi.

nesi_watoto:
Nakazia hapo kwa MamaWodi. Ukihamia kwetu watoto namba zinabadilika: chini ya miezi 2 ni 60 na kuendelea ndo haraka, miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni 50, mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5 ni 40. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii, umwambie mama apandishe nguo uone pale mbavu zinapoishia. Akivuta hewa ndani na sehemu ya chini ya kifua ikaingia ndani badala ya kutoka, hiyo ni dalili ya hatari hata kama namba haijakutisha. Kichanga anaweza kupumua mbio kidogo kisha akatulia kisha akaanza tena, ndo maana ukipata 60 au zaidi unarudia kuhesabu.

Nawaomba sana msihesabu mtoto juu ya sweta na khanga tatu, huoni kitu pale.

Binti_Pwani:
Na kile kidude cha oksijeni cha kidoleni kisiwafanye muache kuhesabu. Huku kwetu akina mama wanakuja na piko nyeusi na rangi za kucha, kinaweza kusoma uongo au kisisome kabisa, mikono ya baridi pia hivyo hivyo. Badilisha kidole, toa rangi, au weka kwenye kidole cha mguu kama hakijapakwa.

La pili hili wengi hatufundishwi, Marekani 2020 walichapisha utafiti kwa wagonjwa ambao kidude kilisoma 92 mpaka 96, wakapima damu yenyewe ya mshipa wa ateri, kwa wagonjwa weusi karibu 12 kati ya 100 oksijeni ilikuwa chini ya 88, kwa weupe karibu 4. Sisi ndo ngozi yetu hiyo. Kwa hiyo kikisema 94 na mtu anahema, amini macho yako. Ubluu wa kukosa oksijeni usiutafute kwenye ngozi ya mkono, mfungulie mdomo uangalie ulimi na fizi kwenye mwanga wa kutosha, upungufu wa damu angalia viganja na ndani ya kope.

Aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa ndo kabisa, kidude kinaweza kusoma 98 na mtu anakufa, maana hakitofautishi hewa ya sumu ya mkaa (kaboni monoksidi) na oksijeni kwenye damu.

zamu_ya_usiku:
Asanteni sana, hili la kutoachia mkono nimelijaribu leo limenyooka. Swali la mwisho, yule baba nikienda kwa daktari wa zamu nasemaje ili asinione mwanafunzi tu anasumbua?

MamaWodi:
Nenda na namba mkononi, usiseme "hali sio nzuri". Sema: daktari, mgonjwa wa kitanda fulani ana nimonia, jana asubuhi chati inasema 20, jana jioni nilipata 28, sasa hivi nimehesabu dakika nzima napata kadhaa, joto hivi, oksijeni hivi, hamalizi sentensi, naomba uje umwone. Mpitishie kwanza muuguzi kiongozi wa zamu asikie naye. Asipokuja, hesabu tena baada ya nusu saa, andika, rudi umwambie upya.