Naombeni ushauri: mchele wangu ni mzuri ila mfuko wangu watu wanaurudisha shelfu

Supa_wa_Uyole
Wakuu habari za majukumu, na wale mlioko kwenye baridi ya huku kwetu poleni. Niende kwenye mada. Nina mwaka na kitu nafungasha mchele, naufuata mwenyewe Kyela, Ipinda huko, nakoboa, narudi nao Uyole tunapepeta na kuchambua na mdogo wangu mpaka chenga zinaisha, afu napaki kilo moja, mbili na tano. Nikiuza wa kupima pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, hauchukui siku mbili, watu wananiulizia kabisa yule dada wa mchele unaonukia kaja? Ila mchele ule ule nikiutia kwenye mfuko nikapeleka madukani unalala. Kuna duka hapa mjini nilipeleka mifuko 40 ya kilo mbili, baada ya mwezi naenda kuchukua hela nakuta 33 inaniangalia, mwenye duka ananiambia dada watu wanaushika, wanaugeuza geuza, wanarudisha, wanabeba wa jirani. Huo wa jirani nimeununua nikaupika nyumbani, haunukii na chenga kibao.

Mfuko wangu alitengeneza shemeji yangu mwenye steshenari. Mume wangu anasema tatizo ni rangi, shemeji anasema tuongeze maneno NAMBA MOJA TANZANIA, na kuna kijana dizaina kanitajia laki tatu na nusu anipangie upya kila kitu, hela ambayo mimi nikiiangalia naona gunia za mpunga. Kiukweli naombeni mnisaidie, hivi mtu anaweza kuacha mchele mzuri kisa mfuko?

Kiroba_Kizito
Weka picha dada tusishauri gizani.

Supa_wa_Uyole
Nimeweka hapo juu mkuu.

Kiroba_Kizito
Dada samahani sana ila nimeona nikadhani bango la mgombea udiwani. Shamba, mlima, sahani ya pilau, mama na ungo, namba tatu za simu, nyota tano, jina jekundu lina kivuli cha njano. Mchele uko wapi sasa??

Mzee_wa_Matema
Ugonile mwanangu. Mimi mama yangu kauza mchele Kyela toka sijazaliwa hakuwa na lebo wala logo, alikuwa na ungo na sado, na wateja walimfuata mpaka nyumbani. Kitu kizuri kinajiuza. Hizo hela za dizaina ongeza mtaji, hawa vijana wa kompyuta watakumaliza.

Supa_wa_Uyole
Baba shikamoo, ndaga kwa ushauri. Ila naomba nikuulize, si ndo hapo ninapochanganyikiwa, mbona sokoni unajiuza na dukani haujiuzi na ni mchele huo huo?

Duka_la_Kona_Makambako
Mzee shikamoo, naomba nimsaidie dada kwa hapo maana mimi nasimama nyuma ya kaunta mwaka wa tisa huu. Mama yako mzee wangu alikuwa na tangazo kubwa kuliko yote, mteja alichota kiganjani, akapuliza, akanusa, akatafuna punje mbili tatu akasikia kama mkavu, akaona chenga kwa macho yake, na akamuona mama mwenyewe usoni. Mchele ukishautia kwenye mfuko umemnyang'anya mteja pua, ulimi na kiganja, kabaki na macho peke yake. Kwaiyo mfuko lazima ufanye kazi yote iliyokuwa inafanywa na ungo. Sasa dada wewe mfuko wako umechapwa mbele na nyuma hakuna hata kadirisha, mtu anaugeuza geuza unadhani anasoma? Hasomi, anatafuta sehemu aone mchele. Mimi wateja wangu nawaona kila siku, akishageuza mara mbili hajaona punje anajisemea moyoni hapa nafichwa kitu, anaurudisha. Wa jirani yako nina uhakika una plastiki angavu, chenga anaziona lakini anazijua, zako hazipo ila hajui kama hazipo.

Na kingine, uliza umewekwa shelfu gani. Kilichopo usawa wa macho kinatoka, kilichopo chini kwenye miguu mpaka mtu akitafute. Wenye kampuni kubwa wanakuja na stendi zao na stika kugombania hiyo sehemu, si wajinga.

Supa_wa_Uyole
Dah. Ni kweli wa jirani una dirisha. Yani nimekaa chini hapa.

Iringa_Chuo_Mwaka3
Kamwene wadau. Duka la Kona kamaliza kila kitu ila naongezea kidogo maana nasoma masoko na hii mada ndo niliyoipenda chuoni. Jicho la mtu dukani halisomi kwanza, linaona umbo na rangi kwanza, maneno baadae sana. Ndo maana kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani anaitwa Hedwig von Restorff, tangu 1933 huko alionyesha kwamba kwenye kundi la vitu vinavyofanana kile kilichokaa tofauti ndo kinabaki kichwani. Sasa dada nenda kwenye hilo shelfu piga picha mifuko yote ya mchele, uone wangapi wana kijani na shamba. Ukiwa wa sita kuweka kijani na shamba umejificha mwenyewe.

Alafu usibadilishe kila kitu kwa pupa. Marekani mwaka 2009 juisi ya Tropicana walibadilisha boksi, wakatoa ile picha ya chungwa limechomekwa mrija ambayo watu wameizoea wakaweka glasi ya juisi, ya kisasa na safi kabisa, mauzo yakashuka kama asilimia 20 ndani ya wiki chache na wakarudisha la zamani. Juisi ilikuwa ile ile! Watu walifika kwenye friji hawakuiona juisi yao. Kwaiyo kwa wale wateja wachache wanaokujua bakisha kitu kimoja wakutambulie.

Kiroba_Kizito
Mwaka3 tofauti sana nayo ina shida yake. Kuna jamaa yangu alipaki unga wa lishe kwenye mfuko wa bluu unang'aa na mapovu mapovu ya urembo, watu walikuwa wanauweka kapuni pamoja na sabuni ya kufulia 😂😂

Iringa_Chuo_Mwaka3
😂😂 Ndo hivo, uwe tofauti ila mtu ajue wewe ni chakula.

Nyundo_ya_Haki
Mimi nawashangaa mnavyoshangilia. Mnachofundishana hapa ni kuwachezea watu akili. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka 2007, watoto wa miaka mitatu mpaka mitano walipewa chakula kile kile, kimoja kimefungwa karatasi ya McDonald's kingine karatasi isiyo na nembo, wengi wakasema cha McDonald's ndo kitamu, mpaka karoti jamani, karoti! Mtoto hajaanza hata kusoma tayari ulimi wake umeshauzwa. Na sisi wakubwa tunajiona wajanja, panda basi Igawa mpaka Tunduma uhesabu nyumba zilizopakwa rangi za kampuni za simu na soda, unadhani wanawapendea nini kuwapakia rangi bure? Ukipita kila siku unaona nyekundu nyekundu nyekundu, siku unanunua laini mkono unaenda wenyewe.

Iringa_Chuo_Mwaka3
Hapo upo sahihi mkuu, Robert Zajonc alishaandika hilo 1968, kitu ukikiona mara nyingi unaanza kukipenda hata kama hakuna aliyekupa sababu ya kukipenda. Na kikishakaa kichwani hakitoki, Tigo wamekuwa Yas toka mwaka 2024 na huku kwetu bado unasikia "nitumie kwa tigopesa".

Mzee_wa_Matema
Mimi Airtel bado naiita Celtel.

Duka_la_Kona_Makambako
😂 Mzee bana. Lakini Nyundo, kwa dada huyu uongo upo wapi? Mchele wake mzuri, anataka uonekane mzuri. Mwongo ni yule anayefungia chenga kwenye mfuko wa picha ya punje ndefu. Saruji nayo hivo hivo, fundi hata asiyejua kusoma anakwambia leta Tembo mifuko kumi, hajasoma kitu, kaona mnyama. Mwingine Twiga, mwingine Simba. Picha moja, basi, na imemsaidia asiuziwe asichokitaka.

Lebo_na_Stika_Mafiati
Mimi ndo hao vijana wa kompyuta anaowasema mzee, shikamoo mzee. Dada usilipe laki tatu na nusu kwa sasa hivi, nasema hivi na ni kazi yangu. Anza na mifuko angavu ya kawaida ya chakula, uliza kwa wauza vifungashio au SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo Mbeya, afu chapisha stika ndogo isizidi kiganja ubandike mbele. Ukienda kuchapisha kwenye mfuko wenyewe kiwandani watakutaka uchukue maelfu ya mifuko ndo bei ikae sawa, ukikosea spelingi umeoa.

Kwenye stika weka jina kubwa, neno mchele, unakotoka na uzito. Basi. Simu moja iende nyuma pamoja na mambo ya TBS (shirika la viwango), jina la mzalishaji na anwani, tarehe ya kufungasha na ya kuisha, namba ya bechi. Kabla hujachapisha iangalie kwenye simu ikiwa ndogo kama ukucha, ukishindwa kusoma jina na mteja hataliona akiwa hatua tatu. Ichapishe na nyeusi nyeupe pia, kama jina linapotea ujue ulikuwa unategemea rangi tu, jina lako la sasa jekundu juu ya njano na kijani nimejaribu kulifanya nyeusi nyeupe limeyeyuka lote. Na ukija kuchukua bakodi, zile za GS1 Tanzania, ndo wanaotoa namba za bakodi, zinaanza na 620, usije ukaruhusu mtu akuwekee mistari myekundu eti ipendeze, mashine za supamaketi nyingi zinamulika mwanga mwekundu, mstari mwekundu haziuoni kabisa. Nimeshuhudia mtu karudishiwa mzigo mzima.

Fonti moja dada. MOJA. Shemeji yako katumia tano.

Supa_wa_Uyole
Shemeji nae anasoma huu uzi jamani 🙈

Sasa kuna kitu naomba niseme ukweli. Neno Kyela nilitaka liwe kubwa kuliko yote maana ndo watu wanalitafuta, ila miezi ambayo Kyela umeadimika huwa nachukua Usangu, Mbarali huko, na nao ni mzuri tu. Nifanyeje, niache neno Kyela muda wote?

Nyundo_ya_Haki
Unaona sasa. Hapo ndo uongo unapoanziaga.

Duka_la_Kona_Makambako
Wenzako wote wanaandika Kyela hata mchele ukitoka mwezini. Wewe tengeneza stika mbili, Kyela na Usangu, bei tofauti kidogo. Mimi ningenunua kwa mtu wa hivo, na wateja wangu wa Usangu wapo, wanasema unajaa sufuria.

Mzee_wa_Matema
Mchele wa Usangu usiuite Kyela mwanangu. Tutakujua kwa harufu tu.

Supa_wa_Uyole
Wakuu nimerudi, ni wiki ya tano sasa. Nilinunua mifuko angavu, stika ya rangi ya udongo yenye maandishi meupe maana shelfu zima lilikuwa kijani, nikabakisha yule mama na ungo kadogo pembeni kwa ajili ya wateja wa zamani. Kabla ya kuchapisha nilipanga mifuko mitano mezani ya kwangu ikiwepo, nikawaita mafundi wa jirani mmoja mmoja waangalie haraka haraka afu wageuke waniambie wanakumbuka upi, saba kati ya kumi walitaja "ule wa udongo udongo", jina walikumbuka wawili tu kwaiyo nikaongeza ukubwa wa jina.

Nilipeleka maduka mawili, mifuko 20 kila duka. La kwanza, lile lile lililonirudishia 33, imetoka 17 na mwenye duka kanipigia mwenyewe. Stika ya Usangu nayo inatoka, sikutegemea. Duka la pili zimetoka 4 tu, nikasema dirisha limegoma, nimeenda leo kuangalia nakuta wameupanga chini kabisa umeegemea katoni za sabuni ya unga, nimenusa mfuko unanukia sabuni. Nimebeba yote 16 nimerudi nayo nyumbani tunakula wenyewe, mtoto anauliza mama leo wali umefuliwa?

Kiroba_Kizito
😂😂😂 Sio bluu na bado imekuwa sabuni.