Mrejesho: bima ya safari ya mama kwenda Ujerumani

Wakuu, niliuliza bima ipi inamfaa mama wa miaka 71 mwenye presha, anayekwenda Ujerumani siku 21. Amerudi salama, ahsanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kusoma mkataba kabla ya bei. Ile ya bei chee ilifikia kiwango cha fidia cha yuro 30,000 kinachotakiwa kwa viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), ila haipokei aliyevuka miaka 70. Nikachukua yenye fidia ya hadi yuro 50,000, inayogharamia pia kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani, na presha nikaiandika kwenye fomu kama mlivyosisitiza. Barua ya bima ilitaja nchi zote za Schengen na tarehe zote za safari, viza ikatoka.

Alipoteguka kifundo cha mguu, tulipiga kwanza namba ya dharura iliyo kwenye kadi ya bima. Wakailipa hospitali moja kwa moja, sisi tukachangia yuro 50 za mwanzo.

Kilichogoma ni vidonge vya presha vilivyomwishia. Mkataba unalipia presha ikipanda ghafla, si dozi ya kila siku. Hilo nililipuuza. Mfungashieni mgonjwa dozi ya safari nzima na wiki moja ya ziada, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari.