Fyuzheni (jazi iliyochanganywa na roki) ya kurekodi kejani Umoja: kila mtu amepiga poa lakini kibao kimekufa, nifanyeje?

GitaaUmoja
Wadau habari za jioni. Niko Umoja, bedsita gorofa ya tatu, na tangu Januari narekodi kibao kimoja cha dakika kama tisa hivi, nataka kiwe heshima kwa wazee wa jazi-roki walionilea bila kunijua, yaani John McLaughlin na Mahavishnu Orchestra yake, Weather Report ya Zawinul na Wayne Shorter, na Jeff Beck. Mzee wangu alikuwa na kaseti ya Birds of Fire ya Mahavishnu, ile ya 1973, tukiwa wadogo ilipigwa kila Jumapili tukitoka kanisani mpaka utepe ukaanza kuyumba, na mimi nikakua nikijua gitaa ndivyo linavyopigwa.

Sasa shida. Nina laptopu ya zamani, intafesi (kisanduku cha kuingiza sauti kwa kompyuta) ya chaneli mbili na gitaa, basi. Drams nimezipanga kwa kompyuta kwa sababu kwa ploti hii hakuna vile utapiga drams za ukweli. Nilianza na kliki (ule mlio wa kuhesabia mapigo), nikaweka drams, nikaweka gitaa, halafu beshte yangu akaja na besi yake isiyo na freti (vile vyuma vya shingoni) akapiga juu ya hiyo, wiki mbili baadaye binamu yangu akaja na kinanda. Ukimsikiza kila mmoja peke yake, safi kabisa. Ukiwaweka pamoja ni kama abiria wanne kwa matatu moja, kila mtu na hedfoni zake. Ile sehemu ya katikati iko 7/8, yaani mapigo saba kila mzunguko, ndiyo mbaya zaidi. Na kuna kitu kingine, nikipiga nota za haraka sauti inanifikia imechelewa, ni kama kuna mtu ananifuata nyuma. Nimefuta gitaa karibu mara kumi na bado. Naombeni msaada kwa moyo wote.

Fundi_wa_Waya
Kaka pole, tuanze na hiyo ya kuchelewa kwa sababu ndiyo rahisi. Hiyo ni bafa, yaani vile vipande vya sauti kompyuta inakusanya kabla ya kuvishughulikia. Ukirekodi kwa 48 kHz (vipande 48,000 kwa sekunde) na bafa iko vipande 512, sauti inachukua karibu milisekunde 11 kuingia na zingine kama hizo kutoka, hapo mkono lazima usite. Shusha 128, inakuwa chini ya milisekunde 3 kila upande, na uzime zile efekti nzito zote wakati wa kurekodi, utazirudisha ukimiksi na bafa utaipandisha 1024 kompyuta ipumue. Kama intafesi yako ina kitufe cha kujisikiza moja kwa moja kabla sauti haijapitia kompyuta, tumia hicho.

Ukisikia mngurumo kwa gitaa, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri, mara nyingi unapungua hapo hapo, na pia stima ikipotea katikati ya solo hupotezi kitu. Trei za mayai usisumbuke kuzibandika ukutani, hazizuii chochote cha maana. Blanketi nzito za mtumba kutoka Gikomba zinasaidia sauti za juu, ila besi kwa chumba kidogo itajaa kwa kona tu, kwa hivyo ingiza besi na gitaa moja kwa moja kwa intafesi bila maiki.

MamaKinanda
Mwanangu, bafa ni sawa lakini hiyo si ndiyo imeua wimbo wako. Nyinyi hamkuwahi kupiga pamoja. Binamu yako alikuwa anamjibu mtu aliyemaliza kuongea wiki mbili zilizopita, na gitaa lako haliwezi kumjibu yeye kwa sababu lilikuwa tayari limefungwa. Huu muziki ni wa kusikilizana. Msikize Jan Hammer, mpiga kinanda wa Mahavishnu, ile sinthesaiza yake ya Minimoog anaikunja sauti mpaka inafanana na gitaa, ndiyo wanafukuzana na McLaughlin na fidla ya Jerry Goodman hadi wakati mwingine hujui nani ni nani. Kitu kama hicho huwezi kukipanga, mtu anasikia mwenzake sasa hivi na anajibu sasa hivi.

Waite wote siku moja. Gitaa na besi zichukue hizo chaneli zako mbili, kinanda kiingie kwa waya wa USB kama midi, yaani kompyuta inashika nota tu, sauti yake utachagua baadaye. Drams zako za sasa ziwe za kuwaongoza tu, zile za mwisho uzipange baada ya nyinyi kupiga, ukifuata mlichopiga. Najua watu hufanya kinyume, lakini Billy Cobham, mpiga drams wa Mahavishnu, alikuwa anawasikiza wenzake, kwa hivyo hata mpiga drams wa kompyuta inabidi apewe kitu cha kusikiza.

Fundi_wa_Waya
Hapo mama naona tutofautiane kidogo, bila drams zilizokaa sawa hiyo 7/8 itawatawanya.

MamaKinanda
Itawatawanya kama wanahesabu mpaka saba. Wahesabu mbili, mbili, tatu, wapige makofi wakiwa wameketi kabla hawajagusa chombo, nusu saa hivi, mpaka mwili ujue. Na kwa hizo drams usiache kila pigo na nguvu moja. Zile snea ndogo za katikati ziwe na nguvu kama 30 kwa kipimo cha kompyuta kinachofika 127, zile za mkazo zipite 100. Asilimia kubwa ya uhai iko kwa zile ndogo.

RiverRoad_Vinyl
Nakubaliana na mama, na naongeza kitu ambacho kitakutoa hofu. Unafikiri wazee walipiga tu mwanzo mpaka mwisho ikatoka vile? Mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi albamu ya Bitches Brew kwa siku tatu za Agosti 1969 New York, wakapiga tu huku tepu ikizunguka, halafu prodyusa Teo Macero akakaa na wembe akakata na kuunganisha. Kwa albamu yake nyingine, In a Silent Way, ya mwaka huo huo, ule mwanzo mtulivu wa upande wa pili unaourudia kusikia mwishoni si kwamba waliupiga tena, ni kipande kile kile kimenakiliwa. Zawinul mwenyewe ndiye aliyetunga hiyo melodi, na McLaughlin yuko hapo kwa gitaa, kwa hivyo baadhi ya hao unaowapa heshima walikuwa ndani ya hiyo kazi. Wewe una kompyuta, una wembe usioharibu tepu. Pigeni dakika arobaini, kisha utafute zile tisa.

Kitu cha pili, na hii inanikaa rohoni. Usiwaige nota kwa nota. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Weather Report, alitoa freti kwa besi yake akaziba mapengo kwa sababu alitaka sauti yake mwenyewe, na Beck aliacha piki akapiga kwa vidole. Wewe umekulia Nairobi, benga iko kwa masikio yako hata kama hukuitafuta. D.O. Misiani aliita bendi yake Shirati Jazz na besi zake zilikuwa zinakimbia sambamba na gitaa kwa kasi ya kushangaza. Hapo katikati kwa 7/8, mwache beshte yako apige besi ya benga uone.

GitaaUmoja
Asanteni sana, nimesoma mara tatu. Nimeshusha bafa na kweli mkono umetulia. Nimewaita wote Jumamosi saa nne asubuhi, jirani wa chini huwa kazini. Besi ya benga kwa saba sijawahi kuiwaza na tangu jana haitoki kichwani, nimeipigia beshte kwa simu akanyamaza kidogo halafu akaanza kuiimba.

MamaKinanda
Bonyeza rekodi wakiwa bado wanatyuni vyombo, na usizime hadi waondoke.