Nimelipa laki sita na nusu kozi ya mauzo ya "ajira uhakika", cheti hakuna anayekitaka. Naweza kudai hela yangu?

binti_wa_mbagala
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri ila msinitukane tafadhali, hasira nilizonazo zinanitosha.

Nimeuza vitenge miaka 2 kwenye duka la mtu Kariakoo, mshahara laki na nusu, nauli na chakula juu yangu. Mwaka jana zamu yangu ya mchezo ikafika nikashika laki saba, nikasema sasa nijiendeleze. Nikaona tangazo Instagram la kozi ya mauzo huku Sinza, miezi 3, unapata cheti cha mtaalamu wa mauzo na AJIRA UHAKIKA, mshahara kuanzia laki nane na kamisheni juu. Wakasema ukilipa yote kabla ya Ijumaa unapunguziwa laki, nikalipa laki sita na nusu kwa mkupuo.

Tulikaa darasani Jumamosi mbili tu, watu kama 40 chumba kimoja, baada ya hapo kila kitu kikahamia WhatsApp, mwalimu anarekodi sauti anatuma, jiamini, simama mbele ya kioo, jiambie mimi ni mshindi. Miezi 3 yote hatukutoka hata siku moja kwenda kuuza chochote. Nilimuuliza mteja akisema bei kubwa na bosi amekukataza kushusha unafanyaje, akasema tutafika huko. Hatukufika.

Cheti nimepewa, kizuri kwa macho. Nimekipeleka intavyuu kwenye kampuni moja ya usambazaji barabara ya Nyerere, supavaiza hakukisoma hata, akaniuliza umewahi kutembea ruti, maduka mangapi kwa siku? Nikakosa jibu. Na hiyo ajira ya uhakika ilikuwa ni namba za simu tano, mbili hazipatikani, moja wakasema nikawe wakala wa bima bila mshahara, nilipofika wakaniambia cheti changu hakinisaidii kitu, wakala lazima asajiliwe na TIRA, mamlaka ya bima.

Hela yangu inaweza kurudi? Na hiki cheti kina kazi yoyote?

Mzee_wa_Ruti
Pole sana mdogo wangu. Mimi nasimamia vijana wa mauzo mwaka wa 9 sasa, vinywaji na sabuni, naomba nikwambie tunavyoajiri. Cheti tunaangalia mwishoni kabisa. Kijana akija namuuliza aliuza nini, wapi, kwa siku aliingia maduka mangapi na mangapi yakanunua, mwenye duka akikopa alimfuatiliaje mpaka akalipa. Halafu namweka kwenye gari na mwenzake siku 3, tunazunguka Buza mpaka Tandika, jioni najua kama ni muuzaji au la. Anayeingia maduka 35 na kuuza 15 nambakiza hata kama ameishia darasa la saba.

Kilichoniuma kwenye maelezo yako ni hiyo miaka 2 ya Kariakoo, hapo ndipo ulipojifunza kazi na nina uhakika kwenye CV umeiweka chini huko kama kitu cha aibu. Iweke juu, na uandike kwa namba.

kibopa_tabata
Dada pole ila kabla hujalipa uliangalia usajili? Nakuuliza kwa wema. Wengi wanaonyeshwa karatasi ya BRELA wanaridhika, BRELA wanasajili jina la biashara au kampuni, hata muuza chipsi anaweza kuwa nayo, haimaanishi chuo kimeruhusiwa kutoa cheti kinachotambulika. Kwa mafunzo ya ufundi na vyuo vya kati ni NACTVET, zamani NACTE, ingia tovuti yao utafute jina la chuo. Kama halipo, hicho cheti ni karatasi ya wao wenyewe. Na kama unataka kusomea biashara kweli, CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, wapo tangu 1965, hapo hapo mjini.

mama_J
Mi siungani na wanaosema kozi zote ni utapeli, nilisoma ya wiki 6 Mwenge, nilikuwa naogopa hata kupiga simu kwa mteja nisiyemjua na ikanitoa hapo. Ila yetu kila Alhamisi tulitumwa mtaani na bidhaa na jioni tunarudi na hesabu. Na hakuna aliyetuahidi ajira. Hilo neno uhakika ndio kosa lao, unamuahidije mtu kazi iliyo mkononi mwa mwajiri mwingine?

wakili_mtaani
Kudai unaweza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, hao FCC. Anza hivi, piga picha lile tangazo leo kabla hawajalifuta, tunza meseji zote na uthibitisho wa malipo, kisha waandikie barua ya madai, taja walichoahidi na walichotoa, wape siku 14, wasaini nakala yako kuwa wameipokea. Walikupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Ulilipa kwa jina la nani?

binti_wa_mbagala
Asanteni jamani, nimesoma zote usiku huu. Kaka kibopa, sikuangalia usajili, nimetafuta sasa hivi hawapo. Wakili, risiti ya EFD hawakunipa, nililipa kwa lipa namba na jina lililotokea ni la mtu sio la chuo, nilimuuliza dada wa mapokezi akasema ndio mhasibu nikaamini. Tangazo bado lipo nimelipiga picha, na wenzangu watatu wa darasa wamekubali tuandike barua moja tuipeleke Jumatatu.

Kaka Mzee wa Ruti, Jumamosi za kuelekea Idd nilikuwa nauza mpaka doti 60 peke yangu, na wateja wa jumla wa Morogoro nilikuwa nawapigia mimi. Niandike hivyo hivyo?

Mzee_wa_Ruti
Doti 60 peke yako? Andika hivyo hivyo. Na hao wa Morogoro uandike walikuwa wangapi na nani alikuwa anakusanya madeni yao.