Kinyago kikifuata mikondo ya kisasa ya sanaa, kinaacha kuwa cha Kimakonde?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, pamoja na wote mnaothamini vinyago popote mlipo, nina hoja ambayo ningependa tuijadili kwa utulivu.

Hivi karibuni kikundi kimoja cha wachongaji hapa Mtwara kilikaa kuchagua kazi za kupeleka kwenye maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Kijana mmoja kutoka Newala alileta kinyago cha mpingo kisicho na uso wala mikono: ni mkunjo mmoja tu unaopanda kutoka chini hadi juu, umetobolewa katikati, na upande mmoja ameuacha na ile sehemu ya nje ya mti yenye rangi ya manjano. Mzee mmoja, ambaye wengi wetu tulijifunzia kwake kushika tezo, alikizungusha mikononi kwa muda mrefu kisha akasema, "Mjukuu wangu, mkono wako ni mzuri, lakini hiki ni cha Wazungu. Asili yetu ni ujamaa na shetani." Kijana akamjibu kwa adabu, "Babu, sikatai kwamba kazi za namna hii nimeziona kwenye simu, lakini mkunjo huu niliukuta ndani ya gogo." Kinyago hakikupelekwa, na sasa kikundi kinataka kuandika kigezo kwamba kazi zitakazopokelewa ziwe za "asili" peke yake. Mimi ninakipinga kigezo hicho, na sababu zangu ni hizi.

Mitindo miwili ambayo mzee wetu aliitaja kuwa ndiyo asili haina hata miaka mia. Shetani, kwa umbo tunalolijua la viungo vilivyopindana na macho yaliyohama mahali pake, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 jijini Dar es Salaam kwa mkono wa Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, na ulipata nguvu kwa sababu mfanyabiashara wa sanaa Mohamed Peera aliununua na kumtia moyo aendelee. Ule tunaouita ujamaa, yaani mnara wa watu waliobebana, unatajwa kuwa ulianza kwa Roberto Yakobo Sangwani, naye pia mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, na jina la kwanza la mtindo huo lilikuwa dimoongo, yaani nguvu. Hili la ujamaa mtindo huo ulilivaa wakati siasa ya Ujamaa ilipotawala fikra za nchi. Hata mpingo wenyewe haukuwa mti wa kazi zetu zote. Lipiko la wazee, ile barakoa inayovaliwa kichwani na mchezaji wakati wa jando, lilichongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa hakuna shingo inayoweza kucheza ngoma usiku kucha chini ya uzito wa mpingo. Kwa hiyo tunachokilinda leo kwa jina la asili ni kazi ya watu waliohama, waliokutana na mji, na soko, na macho ya wageni, wakaupa mti umbo ambalo babu zao hawakulichonga. Wao ndio waliokuwa wanamapinduzi wa zama zao, na sioni kwa nini heshima tunayowapa igeuke kuwa ukuta wa kuwazuia wajukuu wao.

Tena mzee alisema ni cha Wazungu. Hapa ninaomba tuwe waangalifu, maana njia hiyo imepitwa kwa pande zote mbili. Mwaka 1907 Pablo Picasso, Mhispania aliyekuwa akiishi Paris, aliziona barakoa za Kiafrika katika makumbusho ya Trocadéro, na mwaka huohuo akamaliza ule mchoro wake wa wanawake watano ambao wawili kati yao wana nyuso zinazofanana na barakoa. Kutokana na mwelekeo huo yeye na Georges Braque walijenga kubizimu, mkondo uliovunja umbo la mtu vipande vipande na kulionyesha kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Wachoraji hao walichukua sura ya barakoa bila ngoma yake, bila jando, bila jina la yule anayeivaa. Sasa kijana wa Newala akichukua uhuru wa umbo ambao Ulaya iliupata kwa kutazama kazi za Afrika, tunamwambia ameiba kwa jirani? Na tusisahau kwamba miongoni mwa Wamakonde wenyewe upo mtindo wa mawingu, ambao hauna uso wala kiungo kinachotambulika, na umechongwa kwa miaka mingi kabla simu haijafika mikononi mwa vijana.

Hata hivyo, hofu ya mzee ina msingi, na sitaki kuipuuza. Iko tofauti kubwa kati ya msanii aliyeguswa na mkondo fulani na msanii aliyenakili matokeo yake. Nimeona kazi ambazo zimetobolewa kwa sababu tu kutoboa kunaonekana kuwa ni kisasa. Tundu limekaa popote, halifuati nyuzi za mti, na ukilifunika kwa kiganja kinyago hakipungukiwi na kitu. Kwa kijana yule nililijaribu jambo hilo, na nilipoliziba tundu kinyago kilipoteza uzito wake wote. Kwa macho yangu, huo ndio mtihani wa haki. George Lilanga, aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alianza kwa kuchonga, akaenda Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, na huko akaanza kuchora kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Mtu angeweza kumwambia kwamba ameacha uchongaji. Lakini tazama viumbe wake wenye masikio marefu na vidole vichache: ni mashetani walewale waliotoka kwenye mpingo wakaingia kwenye rangi. Vivyo hivyo Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji aliyeishi Tanzania katika miaka ya 1980, alichukua ufinyanzi wa vyungu waliourithi wanawake akautolea sura za watu zenye nembo, yaani chale, usoni, na hakuna anayeweza kusema kwamba udongo ule si wake.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kijana huyu anaweza kumwona Picasso kwa dakika moja akiwa amekaa kibarazani, lakini lipiko la zamani hajalishika hata mara moja. Mengi ya mapiko ya zamani yako katika makumbusho ya mbali. Lipo moja lililoibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, likaonekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na halikurudi nchini hadi mwaka 2010. Msanii huathiriwa na kile anachokiona. Tukimnyima kuona ya kwao, kisha tukamkataza kutazama ya wengine, tunamwachia nini cha kuchonga isipokuwa nakala ya nakala iliyoko kwenye meza za wauzaji?

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi anataka ujamaa na kwamba mchongaji ana watoto wa kulisha. Ni kweli, na simlaumu anayechonga kinachouzwa. Ila hiyo ni hoja ya biashara. Isivalishwe joho la asili.

Pendekezo langu ni kwamba kikundi kiondoe neno "asili" katika kigezo na badala yake kila mchongaji aeleze mbele ya wenzake alianzia wapi, aliona nini, na mti wake ulimruhusu nini. Mzee wetu naye aombwe kukaa na vijana siku nzima na kuwaonyesha jinsi uso wa lipiko unavyokaliwa na nembo na ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, kwa sababu hayo anayajua kuliko yeyote kati yetu. Wanaokiunga mkono kigezo hicho ningependa watujibu swali moja: kama kingekuwapo Samaki Likankoa alipoleta shetani wake wa kwanza, kinyago kile kingepokelewa?